Siku Wazee wa Mkumbi Walipopima Kiingereza cha Hyasinta

Nakumbuka siku ambayo wazee wa ukoo wetu, kule Mkumbi, walikaa tangu misa ilipokwisha hadi kivuli kikageuka, wakiamua kama Kiingereza cha dada yangu Hyasinta kilikuwa cha Uingereza kweli au cha kubuni. Kati yao hakuna hata mmoja aliyejua Kiingereza. Na uamuzi wao ndio ungempa au kumnyima dada yangu mahali pa kuishi.

Usicheke bado, mwanangu. Cheka nikimaliza, kama bado utakuwa na hamu ya kucheka. Mimi hamu imeniishia, maana jambo hili nililidhani limezikwa na wenyewe, na sasa nimeitwa tena kulitolea ushahidi, uzeeni, magoti yakiwa yamekwisha kugoma kupanda mlima.

Ngoja nianze mwanzo, kwa sababu habari inayoanzia katikati huzaa fitina.

Hyasinta ni mtoto wa baba yangu mdogo. Mimi na yeye tulijifunza Kiingereza kwa mtu mmoja, sista Mjerumani aliyekuwa mpole na mkali kwa pamoja, kama walivyo watu waliofundisha kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe Kiingereza alikuwa amejifunza ukubwani. Tulichokipokea kwake tukakishika kama kilivyo, tusijue kwamba kina Ujerumani ndani yake. Tulipoteremka ziwani kwa michezo ya shule, tukakutana na wanafunzi wa mwambao. Wao Kiingereza chao kilitoka kwa mapadri wa Kianglikana, kikachanganyika na cha wajomba zao waliokwenda kufanya kazi ng'ambo ya ziwa. Kilipanda na kushuka kama zaburi.

"Nyinyi watu wa milimani mnaongea au mnapasua kuni?" walituuliza.

"Na nyinyi mnaongea au mko kwenye misa?" Hyasinta akawajibu, na hata wao wakacheka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Wilaya moja tu wakati ule, Kiingereza kimoja kwenye vitabu, lakini milimani kilikuwa hivi na ziwani kilikuwa vile. Mimi nilikuwa na tabia ya kusikiliza jinsi watu wanavyosema kabla sijasikiliza wanachosema. Ni tabia mbaya kwa mchumba, lakini inamfaa mwalimu.

Basi tukaachana. Mimi nikaenda chuo cha ualimu, nikakutana na wakufunzi waliotoka kila upande, na mdomo wangu ukasafishwa ule Ujerumani. Nikarudi Mbinga kufundisha. Hyasinta akasomea uuguzi, akafanya kazi, kisha akapata nafasi ya kwenda Uingereza. Alipelekwa mji mmoja wa kaskazini, mji wa viwanda na mvua, akawa anahudumia wazee katika hospitali. Aliolewa huko, ndoa ikavunjika, mtoto hakujaliwa. Barua zikapungua. Baba yake akafariki, kisha mama yake, na yeye hakuweza kuja kuwazika. Hilo watu hawakumsahaulia.

Siku aliporudi nilikwenda kumpokea Kitai, kwa sababu basi la kutoka Songea lilikuwa limeharibikia pale. Nilimkuta ameketi juu ya sanduku lake kando ya barabara, amefunga kanga, amekonda.

"Shikamoo, kaka," aliniamkia, ingawa tumepishana miezi tu.

"Marahaba. Umekuja kutembea?"

"Nimekuja kukaa."

Alisema kwa Kimatengo. Maneno yalikuwa yale yale ya kwetu, lakini wimbo wake haukuwa wetu. Palipotakiwa sauti ipande, ilishuka. Nilisikia, nikanyamaza. Nilijua kwamba wengine watasikia na hawatanyamaza.

Na alichotaka hakikuwa kikubwa. Baba yake aliacha shamba kwenye mteremko ulio juu ya chemchemi. Tangu afariki, lilikuwa likilimwa na Kasiani, mtoto wa baba yetu mkubwa. Hyasinta aliomba alime pale, ajenge kibanda kando yake, azeekee pale. Mwanamke aliyerudi bila mume wala mtoto hana pengine pa kwenda. Asipopewa mteremko ule, angekwenda Songea kupanga chumba na kuishi kwa kuhesabu siku.

Kasiani alikuwa karani wa ghala la kahawa mjini Mbinga. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu mfukoni na redio kubwa yenye kifuniko cha ngozi. Kila jioni alifungua habari za Kiingereza akaongeza sauti hadi majirani waliokuwa wanashuka na kuni wapunguze mwendo. Sikusudii kumsema vibaya. Alikuwa amesomesha watoto wa watu. Lakini mteremko ule ulikuwa na udongo mzuri, na mzoea udongo mzuri hapendi kusogea.

Kwa hiyo shauri likaenda sengu. Wewe uliyezaliwa mjini huenda hujui neno hili. Zamani kwetu wanaume wa ukoo hawakula kila mtu kwake. Kila mke alipika, akapeleka chakula kwa mkubwa wa ukoo, na wanaume wote, na watoto wao wa kiume, na mgeni kama yupo, walikula pamoja pale. Wakishanawa mikono, ndipo mambo yalipoongelewa: nani amegombana na nani, nani anaoa, shamba gani lipumzike. Hapo ndipo panapoitwa sengu. Ilikuwa meza, baraza na shule kwa pamoja. Na sharti lake kubwa lilikuwa moja: anayelidanganya sengu hapewi kitu. Afadhali mwizi, maana mwizi anaweza kurudisha.

Kasiani alilijua sharti hilo. Hakusema mwanamke asipewe shamba. Alijua Babu Otmari, mkubwa wetu, alishawahi kuwapa wanawake. Hakusema pia kwamba Hyasinta alikosa mazishi ya wazazi. Alisimama akasema hivi:

"Babu, huyu ametudanganya. Hajafika Uingereza."

Watu wakatazamana.

"Mimi nawasikiliza Waingereza kila siku redioni. Nakijua Kiingereza chao kama ninavyojua mlango wangu. Juzi alipoongea na daktari mgeni pale zahanati nilikuwepo. Si Kiingereza kile. Neno la kikombe, Mwingereza anasema 'kap'. Huyu anasema 'kup', kwa u hii yetu ya Kiswahili! Ni mtoto wa darasa la tatu anayesoma herufi. Kakaa wapi miaka yote hii, mimi sijui. Labda kwenye mabaa ya kule machimbo ya shaba. Lakini Uingereza hajaiona."

Babu Otmari alikuwa na ndevu chache na subira nyingi. Aliuliza, "Na daktari alimwelewa?"

"Daktari ni mtu mwenye adabu, Babu."

Basi macho yote yakanigeukia mimi. Mwalimu wa Kiingereza nilikuwa mmoja tu. Nikaambiwa nilichunguze jambo lile, nije nitoe jibu Jumapili baada ya misa.

Nikwambie kilichonisumbua, mwanangu. Kasiani alisema kweli kuhusu ile u. Nami nilikuwa nimeisikia tangu Kitai. Darasani kwangu mtoto akisema 'kup' nilimsahihisha mbele ya wenzake hadi aseme 'kap'. Lakini nilimfahamu Hyasinta, na nilizishika barua zake zenye stempu ya malkia. Masikio yangu yalisema hili, stempu zikasema lile.

Shuleni kwetu alikuwepo kijana wa Kiingereza aliyekuja kufundisha kwa kujitolea. Alitoka kusini mwa nchi yao, na alikuwa amesomea mambo ya lugha. Nilimkuta anapambana na jiko la mkaa, amejaa majivu hadi kwenye nyusi. Nilimweleza habari yote, kasoro habari ya shamba. Nikamwigizia dada yangu anavyosema.

Alicheka mpaka akaketi chini. "Huyo ni mtu wa kaskazini kabisa," akasema. "Sisi kwetu tukiwasikia tunacheka."

"Mnawacheka Waingereza wenzenu?"

"Hao ndio tunaowacheka zaidi."

Kisha akaacha kucheka, akanieleza jambo ambalo sikulisoma chuoni. Alisema hapo kale Waingereza wote walitamka kwa ile u. Halafu watu wa kusini, karibu na mji wao mkuu, wakaanza kidogo kidogo kubadili, hakuna aliyeamua wala aliyetangaza, na watu wa kaskazini wakabaki walipokuwa. Kwa kuwa serikali na redio vilikuwa kusini, yule aliyebadilika akaitwa sahihi, na yule aliyebaki akaonekana mshamba. "Na kaskazini kwenyewe," akasema, "ukivuka mto mmoja utasikia kingine. Na wajukuu hawasemi kama babu zao. Hata mimi nikirudi kwetu, mama ananiambia nimebadilika."

Niliondoka pale nikiwaza watoto wote niliowasahihisha.

Jumapili ikafika. Chakula kililiwa kwanza, ugali na maharage, kama kawaida. Hyasinta aliketi juu ya mkeka upande wa jikoni pamoja na shangazi yetu, akaitwa baada ya watu kunawa.

"Hyasinta," Babu akamwambia, "kaka yako Kasiani anasema Kiingereza chako hakina baba. Hebu kiseme tukisikie."

"Niseme nini, Babu?"

"Chochote."

"Mtu hasemi chochote, Babu. Mtu humwambia mtu jambo."

Shangazi akaguna kwa kukubali. Babu akatabasamu. "Basi sema ulivyokuwa ukisema kazini kwako."

Akainamisha kichwa kidogo, halafu akasema. Alisema kwa sauti ndogo, polepole, mkono wake mmoja ukinyoosha kitu hewani ambacho sisi hatukukiona. Wazee walisikiliza kwa macho yaliyofumbwa nusu, kama watu wanaosikiliza mvua juu ya bati. Alipomaliza, mzee mmoja akasema, "Mimi nasikia Kingoni kilichokunywa pombe," na watu wakaangua kicheko, hata Hyasinta mwenyewe.

"Umesikia, Mwalimu?" Kasiani akaniuliza. "Umesikia zile u?"

"Nimesikia."

"Basi toa jibu."

Nikatoa. Nilieleza yote niliyoambiwa na yule kijana, na labda nilieleza kwa urefu kuliko ilivyohitajika: kaskazini na kusini, wa kale na wa sasa, waliobadilika na waliobaki. Nilipofika mahali pa kusema kwamba Waingereza wa kusini huwacheka wa kaskazini kwa sababu ya mdomo wao, Babu Otmari akapiga goti lake kwa kiganja.

"Kumbe nao wana Wamatengo wao!"

Mwanangu, sengu lilicheka siku ile. Unajua tunavyochekwa sisi. Ukiteremka ziwani wanaiga sauti zetu, ukienda Songea Wangoni wanaiga sauti zetu. Kila mzee pale alikuwa na kisa chake cha kuchekwa sokoni. Ghafla Uingereza ikawa nchi ya kueleweka.

Kasiani peke yake hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe, akasema kwa heshima, "Sawa, Babu. Kama alifika, alifika. Lakini hata Kimatengo chake kimeharibika. Mwacha asili ni mtumwa. Kama amekuwa mtu wa huko, basi arudi kwa hao Wamatengo wenzake wa kaskazini. Hapa tunampa shamba nani? Tunampa mgeni."

Pale kicheko kilikufa. Maana hilo lilikuwa neno zito kuliko la kwanza. Uongo unaweza kukanushwa. Ugeni unakanushwaje, na sauti yenyewe inausema?

Babu akanigeukia mimi, wala si Kasiani.

"Mwalimu, umetueleza mdomo wa dada yako vizuri sana. Umeupima kama fundi anavyopima mbao. Sasa niambie, alichosema ni nini?"

Nikashtuka. Nilikuwa nimeisikiliza sauti tu. Ilibidi nitulie niyakumbuke maneno, nikayatafsiri: "Alikuwa akisema na mgonjwa, Babu. Mama mzee. Anamwambia geukia upande huu nikubadilishie shuka. Anamwambia tulia, usiogope, mimi nipo. Anamwambia binti yako atakuja Jumapili."

"Na binti alikuja?" Babu akamwuliza Hyasinta.

"Hakuja, Babu. Walikuwa hawaji. Mimi ndiye niliyekuwa nakula nao."

Shangazi alijifunika uso kwa kanga. Hapo, mwanangu, ndipo Babu aliposema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo, na ndiyo sababu nakuandikia.

"Kasiani," alisema, "wewe umekula na redio miaka mingi, ndiyo maana unasema kama redio. Huyu alikula na watu. Ulimi hufuata chungu. Mkimpeleka mtoto akale kwa watu wengine, mnataka arudi na sauti ya nani? Sisi wenyewe babu zetu walikuja milimani kwa kukimbia vita, wakakuta watu, wakala nao. Mnadhani walikuja wanasema hivi tunavyosema leo? Waliokwenda kwa wenye chongo walifumba jicho. Sasa huyu naye karudi, mnamwambia ana chongo. Mpeni ugali. Ale hapa. Mkitaka sauti yake irudi, itarudi kwa njia ile ile iliyoondokea." Akaniangalia tena. "Na wewe Mwalimu, masikio yako ni mazuri, lakini yamekaa mlangoni. Yaingize ndani."

Hakunipa adhabu wala hakupandisha sauti. Lakini mpaka leo nikisikia mtu anasema, humsikia na Babu akiniuliza: alichosema ni nini?

Kisha akatoa agizo moja. "Mwezi wa tatu huu, Kasiani, utakwenda ukate nyasi kwenye mteremko ule, uzipange. Hyasinta atachimba."

Lazima nikueleze hili, kwa sababu kila kitu kinaning'inia hapo. Milima yetu ni mikali na mvua yetu haina huruma. Wazee wetu waligundua ngolo, yale mashimo yanayofunika mteremko mzima kama sega la nyuki, yanayoshika maji na udongo usiende mtoni. Ngolo haichimbwi na mtu mmoja. Mwanaume hufyeka nyasi, akazilaza chini kwa mistari inayokatana, miraba kwa miraba. Mwanamke huja nyuma yake na jembe, akachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo, kisha akapanda maharage juu ya matuta. Mwanamke asiye na mwanaume wa kumpangia nyasi hana ngolo, hata awe na mikono ya chuma. Na mwanaume hampangii nyasi mwanamke asiye wake kwa ukoo au kwa ndoa. Kwa hiyo Babu alipomwagiza Kasiani apange, kila mtu alielewa kwamba Hyasinta si mgeni na shamba amepewa. Au tulidhani kila mtu ameelewa.

Kasiani alitii. Nilikwenda kuangalia. Mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko ya mtu yeyote, maana hata hasira yake ilikuwa nadhifu. Hyasinta akachimba, viganja vikamtoka malengelenge, akapanda, akavuna. Akajenga kibanda. Kila zamu ya ngolo mpya ilipofika, Kasiani alikwenda akapanga nyasi, bila neno. Baadaye walianza kusalimiana. Baadaye zaidi nilimkuta siku moja ameketi kibandani kwa dada yetu anakunywa uji, redio iko katikati yao, wanabishana kuhusu habari.

Lakini Babu hakuwahi kutamka, "Shamba hili ni la Hyasinta." Alikuwa na desturi ya kuacha neno liive. Baridi ya mwaka uliofuata ikampata kifuani, akaondoka nalo.

Na sengu nalo likaondoka polepole. Watu wakaanza kula kila mmoja kwake. Kahawa ilileta fedha, fedha ikaleta meza, meza ikaleta mlango wa kufunga. Simlaumu mtu. Hata mimi nina mlango.

Miaka yote hiyo nilimsikiliza Hyasinta, safari hii kwa kujaribu kuingia ndani. Kimatengo chake kilirudi kwanza, wimbo wote, hadi watoto waliozaliwa baadaye hawakujua kama aliwahi kutoka. Kiingereza chake kilichelewa. Alipokuwa akisaidia zahanati alikisema na wageni, na kila mwaka ile u ilipungua nguvu, mwendo wake ukawa wetu. Simu za mkononi zilipokuja, rafiki yake wa kule, muuguzi mwenzake, akampata. Nilikuwepo siku hiyo. Waliongea, walicheka, halafu yule rafiki akamwambia, "Umebadilika sana. Siku hizi unaongea kama mgeni."

Alipokata simu alikaa akiutazama mlima wa mbele.

"Huku waliniambia naongea kama wa huko," akasema. "Huko wananiambia naongea kama wa huku. Kaka, kwangu ni wapi, basi?"

Yule rafiki naye, kwa maelezo yake mwenyewe, hawaelewi vizuri wajukuu wake. Anasema vijana wa mji ule hawasemi tena kama wazee wa mji ule, wameokota kwa wahamiaji na kwenye televisheni. Mlango alioutokea Hyasinta haupo tena hata kwa waliobaki ndani.

Na hapa kwetu je? Nakaa karibu na stendi ya Mbinga, nasikiliza. Tangu barabara ya kuteremka Mbamba Bay ilipotengenezwa, watu wa ziwa wanapanda na usipa, wale dagaa wa ziwani, wetu wanateremka na maharage, watoto wanasoma pamoja. Siwezi tena kumtambua mtoto wa mlimani na wa ziwani kwa Kiingereza chake. Kuimba na kupasua kuni vimekwisha. Vijana wote wanasema kama waimbaji wa Marekani wanaowasikia kwenye simu, na wanamcheka mwalimu wao kwa kusema kama mimi. Juzi mjukuu wangu alinisahihisha neno mbele ya wageni. Nikamwambia asante. Alikuwa ameshiba simu yake, ndicho chungu alichopewa.

Nimechoka, mwanangu. Sichoki kwa sababu lugha zinabadilika. Maji hufuata mkondo, wala hayaombi ruhusa. Nimechoka kwa sababu kila kizazi kinaipima sauti ya mtu upya na kuitumia kumfungia mlango, kana kwamba hakuna aliyewahi kulisema jambo hili. Kasiani tumemzika. Wanawe, vijana wazuri, wasomi, wanasema baba yao ndiye aliyepanga nyasi za mteremko ule miaka yote, na kwa desturi yetu apangaye nyasi ndiye mwenye shamba. Wengine wanasema alimpangia dada yake kwa agizo la mkubwa wa ukoo, kwa hiyo shamba ni la aliyechimba. Desturi ile ile inasema yote mawili. Waliokuwepo siku ya Babu wamekwisha, nimebaki mimi na Hyasinta, ndiyo maana nimeitwa kutoa ushahidi. Na mmoja wa vijana hao aliniambia, kwa adabu kabisa: "Babu Mwalimu, lakini yule bibi si aliishi Ulaya? Hata leo akikasirika utamsikia."

Ni kweli. Akikasirika ile u hurudi.

Basi sikia ninachokuachia. Usimpime mtu kwa mdomo wake kabla hujajua amekula na nani na amewalisha akina nani. Ukisikia sauti ngeni kwa ndugu yako, ujue kuna watu mahali fulani walimpa nafasi kwenye chungu chao, washukuru. Anayekuambia hii ndiyo sauti sahihi, mwulize ni sahihi tangu lini, na nani alikuwa na redio siku hiyo. Wewe mwenyewe ukienda mbali na ulimi wako ukageuka, usiuonee haya, wala ukirudi usiutumie kama fimbo. Na ukiwa mkubwa wa watu, ukishaamua jambo, litamke. Usiliache liive. Babu yangu alikuwa na hekima kuliko wote niliowajua, na neno moja ambalo hakulitamka linatutesa mpaka leo.

Mungu akupe masikio yanayoingia ndani. Akupe watu wa kula nao popote uendako, na ukirudi ukute bado kuna anayekusogezea kigoda. Ulimi wako usikukane, wala usimkane mtu.

Huu ni mwezi wa tatu, na ni zamu ya ngolo mpya. Leo asubuhi Hyasinta amenipigia simu. Anasema amenoa jembe, mbegu za maharage anazo, na nyasi za mteremko zimemfika kiunoni. Hakuna mwanaume aliyekwenda kuzikata.